Kompyuta Zenye Makovu

Fungua kompyuta ya mezani iliyofanya kazi miaka mitano Kakuma, Turkana, na kabla ya mitambo yenyewe utakutana na vumbi. Vumbi hili lina rangi ya udongo wa kingo za mto Tarach, nalo limeshikamana kwenye mapezi ya alumini yanayopoza chipu hadi likawa kama kipande cha blanketi kuukuu. Feni iliyo juu yake inazunguka kwa bidii bila kusukuma hewa yoyote. Ukilipangusa unaiona bodi ya kijani, na kando ya chipu kubwa safu ya vidude mfano wa mapipa madogo, kila kimoja kikiwa na kimo cha ukucha wa kidole gumba. Hizo ndizo kapasita. Zilitoka kiwandani vichwa vikiwa bapa. Sasa tatu zimetuna, na ya nne imepasuka na kuacha ukoko wa kahawia. Kutuna huko ndiko kulikoizima mashine. Fundi mwenye chuma cha kulehemu, risasi kidogo, na kapasita nne alizozing'oa kwenye televisheni iliyokwisha kufa, anaweza kuifufua kabla ya adhuhuri. Kakuma hakuna atakayemuuliza kama anafanya vyema. Lakini wako watu, tena wengi na wenye ujuzi, ambao wangemshika mkono na kumwambia angoje kwanza.

Watu hao wanapatikana hasa Ulaya na Marekani, na ubishi wao unahusu kizazi cha kwanza cha kompyuta za nyumbani. BBC Micro ya kampuni ya Acorn ilitoka mwishoni mwa 1981. Sinclair ZX Spectrum na Commodore 64 zikafuata 1982. Zilikuwa kibodi nene zinazounganishwa na televisheni ya sebuleni, na programu zilipakiwa kutoka kwenye kaseti zilezile za muziki, kwa mlio unaokwaruza masikio dakika tano nzima. Kumbukumbu ya Commodore 64 ilikuwa kilobaiti 64. Picha moja ya simu ya leo haiwezi kuingia humo hata ikikatwa vipande thelathini. Waliozichezea utotoni sasa wana mvi, wana pesa, na wamegawanyika. Upande mmoja unataka mashine ibaki kama ilivyotoka kiwandani, na vipuri vyake vya asili na hata plastiki yake iliyogeuka manjano. Upande wa pili unatoa kiendeshi cha flopi na kuweka kadi ya kumbukumbu, unatupa pawasaplai ya zamani na kuweka mpya, unatoboa kasha ili kupitisha waya wa skrini ya kisasa. Wa kwanza wanasema kila tundu linalotobolewa ni ushahidi uliofutwa. Wa pili wanajibu kwamba kompyuta isiyowaka ni plastiki tu.

Kila upande una ushahidi wake. Pawasaplai ya asili ya Commodore 64 ina sifa mbaya: inapozeeka huachia umeme uliozidi volti 5 zinazotakiwa na kuziunguza chipu za kumbukumbu, kwa hiyo anayeing'ang'ania kwa kuwa ni ya asili anahatarisha kompyuta nzima kwa heshima ya kisanduku. Ndani ya pawasaplai ya BBC Micro mna kapasita ambazo ganda lake hupata nyufa na kuvuta unyevu, na siku mashine inapowashwa baada ya miaka ya kulala, hulipuka kwa moshi mzito wa kunuka. Kwa upande mwingine kuna dawa ya plastiki iliyopata umaarufu tangu 2008, mchanganyiko wenye haidrojeni peroksaidi unaopakwa kwenye kasha na kuanikwa juani ili umanjano utoke. Kasha linang'aa, mwenyewe anafurahi, na baada ya muda umanjano unarudi, pengine kwa mabaka, huku plastiki yenyewe ikiwa imeshaguswa na kemikali. (Jua la Lodwar lingeifanya kazi hiyo haraka kuliko jua la Manchester, lakini hilo si sifa.)

Ubishi huo ukiletwa Turkana ulivyo, unakosa pa kukaa. Turkana haikuwa na enzi ya kompyuta za nyumbani. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa 1992, miaka kumi baada ya Spectrum, ili kuwapokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan. Kompyuta zilizofika huko na Lodwar zilipitia ofisi za misaada, misheni, shule na vyuo, na nyingi zilifika zikiwa zimeshatumika kwingine. Shirika la Computer for Schools Kenya, lililoanzishwa 2002, limejenga kazi yake juu ya jambo hilohilo: kupokea kompyuta zilizostaafu maofisini, kuzikarabati na kuzipeleka shuleni. Mwaka 2010 Wajesuiti walianza kuwafundisha wakimbizi wa Kakuma masomo ya chuo kikuu kwa njia ya kompyuta. Don Bosco wana mafunzo ya ufundi, kompyuta ikiwemo. Na madukani, kuanzia Kitale hadi Lodwar, mnunuzi anajua maana ya kibandiko cha ex-UK: mashine iliyomaliza miaka yake mitatu minne katika ofisi yenye kiyoyozi, ikaja kuanza maisha mengine. Kwa hiyo nikisema kompyuta kongwe za Turkana nina maana ya hizi, zile Pentium 4 na ndugu zake za miaka ya 2000. Hoja yangu juu yake ni kwamba huku mabadiliko ndiyo yaliyozihifadhi, na kwamba mabadiliko yenyewe ndiyo sehemu ya historia yake inayostahili zaidi kutunzwa. Fundi ana haki ya kubadilisha. Mkosaji ni yule anayebadilisha kwa namna isiyoweza kutenduliwa, bila kuandika alichofanya.

Tuanze na joto, maana ndilo linaloamua mengi. Kapasita ya aina ile iliyotuna ina majimaji ndani yake, na majimaji hayo hukauka. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria: kila joto linapopungua nyuzi 10, umri wa kapasita huongezeka mara mbili, na kila linapopanda nyuzi 10 umri hukatika nusu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 ingeishi kama saa 128,000 ndani ya kasha lenye nyuzi 45, yaani miaka 14 na zaidi ikiwa haizimwi usiku wala mchana. Kasha hilohilo likifika nyuzi 55, umri unashuka hadi saa 64,000, miaka saba na ushei. Lodwar joto la mchana huwa nyuzi 35 hivi karibu mwaka mzima, na chumba chenye paa la mabati hupita hapo. Ongeza joto la chipu na blanketi la vumbi, na nyuzi 10 za ziada zimepatikana bila taabu. Maana yake ni kwamba mashine ileile, isiyoguswa na bisibisi, inazeeka Lodwar kwa kasi maradufu. Tena zipo zilizofika na ugonjwa tangu tumboni. Kati ya 1999 na 2007 hivi, viwanda vingi duniani vilitumia kapasita zenye majimaji mabovu, nazo zikatuna na kupasuka ndani ya miaka michache hata katika nchi za baridi. Bodi za miaka hiyo ndizo zilizokuja kustaafu na kugawiwa kama misaada. Kumwambia mwalimu wa Kakuma asibadilishe kitu kwenye mashine kama hiyo ni kumwambia aizike.

Umeme nao una hesabu yake. Lodwar kwa miaka mingi imewashwa na mitambo ya dizeli iliyo mbali na gridi ya taifa, na kambini watu wamenunua umeme kwa wafanyabiashara wenye jenereta au wamejitegemea kwa sola. Chukua paneli ya wati 100. Kwa jua la Turkana inaweza kukusanya wati-saa 500 hivi kwa siku baada ya kuondoa kinachopotea njiani. Pentium 4 pamoja na skrini nene ya kichogo inakula kama wati 200, kwa hiyo siku nzima ya jua inakupa saa mbili na nusu za kazi. Toa kichogo, weka skrini bapa. Toa diski ngumu inayozunguka, weka SSD, diski isiyozunguka. Na unaposhindwa kabisa, acha kasha, kibodi na skrini, lakini ndani yake weka kompyuta ndogo ya bodi moja inayokula wati tano, na mashine itakaa imewaka tangu darasa la asubuhi hadi usiku wa manane. Raspberry Pi, bodi iliyoanza kuuzwa 2012, ilibuniwa Cambridge na watu waliotamani kurudisha mazoea ya BBC Micro, hata majina ya Model A na Model B wameyachukua kwake. Kuiingiza ndani ya kasha la zamani ni kama mjukuu kurudi kuishi katika nyumba ya babu.

Ni kweli kwamba baada ya hayo yote kilichobaki cha mashine ya kwanza ni bati la nje, na mwenye kupenda asili atauliza kama hiyo bado ni kompyuta ileile. Swali zuri, lakini Turkana imeshalijibu kwa vitu vingine. Kibuyu cha maziwa kikipata ufa hakitupwi: matundu madogo hutobolewa pande zote mbili za ufa, kikashonwa kwa uzi wa ngozi, kikaendelea na kazi. Msimamizi wa makumbusho anayejua kazi yake akikipokea kibuyu hicho hatafumua mshono ili kukirudisha katika hali ya asili. Mshono unamwambia kwamba mwenye kibuyu alikithamini, kwamba kipya hakikuwa karibu, na kwamba palikuwa na mkono wenye ujuzi. Akala zinazotembea Lodwar zilikuwa tairi la gari, na sijasikia anayedai zilipaswa kubaki tairi. Kompyuta iliyofika Kakuma na pawasaplai ya volti 240, ikakatwa waya na kufungwa betri ya volti 12, imebeba habari ambayo kiwanda hakikuiandika: umeme ulivyokuwa, spea zilivyopatikana, na nani alijua kulehemu. Mwaka 2018 shirika la IFC lilichapisha utafiti uliohesabu zaidi ya biashara 2,000 katika kambi na mji wa Kakuma. Nyuma ya meza za watengenezaji kuna ufundi uliotoka Mogadishu, Bukavu na Juba, umekutana mahali pamoja. Ukiirudisha mashine yao katika hali ya asili, umefuta saini zao na kurudisha saini ya kiwanda ambacho kimeshatoa maelfu ya mashine zinazofanana na hiyo.

Pingamizi moja lenye nguvu linatoka kwa wahifadhi wa majengo, na pwani yetu inaufahamu mfano wao. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikishwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ule wa Lamu 2001. Kuta za miji hiyo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Mwenye nyumba anayeona plasta inadondoka huenda dukani akanunua saruji, ambayo ni imara, ya kisasa, na inapatikana. Saruji haipumui. Unyevu na chumvi hufungiwa ndani, jiwe humomonyoka nyuma ya uso mzuri, na siku saruji inapobanduka huondoka na jiwe. Chokaa ingebanduliwa na kupakwa upya kila baada ya miaka bila kudhuru ukuta. Wahifadhi wanasema basi kwamba kipya hakikatazwi, ila kila kinachoongezwa kiwe cha kutoka bila kuumiza kilichokuwepo. Sioni la kuwajibu ila kukubali, maana kanuni hiyo inafanya kazi kwenye bati sawasawa na kwenye jiwe.

Tazama njia mbili za kuweka SSD kwenye kompyuta ileile. Fundi wa kwanza anafungua skrubu nne, anaitoa diski ya zamani, anaingiza SSD kwenye kibano cha bati au cha plastiki chenye upana wa diski ya zamani, anachomeka nyaya zilezile au kutumia adapta, anafunga skrubu nne. Diski ya zamani anaiviringisha kwenye gazeti na kuiandika kwa kalamu. Fundi wa pili hana kibano. Anakata kizimba cha diski kwa msumeno wa chuma ili SSD ipite, anakata nyaya za umeme na kuzisokota na nyingine, anafunika kwa utepe mweusi, kisha anaibandika SSD sakafuni mwa kasha kwa gundi ya moto. Jioni hiyo mashine zote mbili zinawaka kwa kasi moja. Gundi, kwa joto la Kakuma, italainika mwezi wa pili. Nyaya zilizosokotwa zitaanza kulegea. Na atakayekuja kuitengeneza miaka minne baadaye hatajua rangi ipi ilikwenda wapi. Hapo ndipo wahifadhi na watumiaji wanapokutana, kwa sababu kinachomfaa mtu wa makumbusho, yaani kazi inayotenduliwa, ndicho kinachomfaa pia fundi wa kesho. Ama kapasita yenyewe, hiyo ibadilishwe bila kusita. Kapasita ni kama utambi wa taa ya chemli. Iliwekwa ikijulikana kwamba itakwisha, na hakuna anayehifadhi taa kwa kukataza utambi mpya.

Wenye kuchukia mabadiliko husahau kwamba hasara kubwa katika uhifadhi mara nyingi haitokani na chuma cha kulehemu. Inatokana na ukimya. Turkana yenyewe imeufundisha ulimwengu jambo hilo. Agosti 1984, huko Nariokotome upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto nyeusi. Kipande hicho kiliongoza kwenye mifupa ya kijana aliyekufa miaka takriban milioni 1.5 iliyopita, ambayo leo imeandikishwa kwa namba KNM-WT 15000 na kuhifadhiwa na Makumbusho ya Taifa Nairobi. Mfupa ule haukuachwa ulivyo. Ulichekechwa kwenye mchanga, ukasafishwa, ukaunganishwa, na nakala zake za plasta zikasambaa duniani kwa wanafunzi na wageni. Asiyejua angeita hayo uharibifu. Yaliyofanya usiharibike ni kumbukumbu: kila kipande kilitoka wapi, katika tabaka lipi, kimegundishwa kwa nini, na kipi ni mfupa na kipi ni kijazio. Mfupa uliookotwa bila kuandikwa ulikotoka hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake ya kisayansi hata ukiwa mzima. Watafiti wa Turkana Basin Institute, ambayo kimoja cha vituo vyake kiko Turkwel si mbali na Lodwar, wanalijua hilo kama sala. Kompyuta nayo inaweza kubadilishwa kila kitu na bado ikatoa ushahidi, mradi kuna karatasi inayosema kilichotoka na kilichoingia.

Yuko atakayesema kwamba haya yote ni kujisumbua, maana kuna emuleta: programu inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Mchezo wa Spectrum unachezeka leo kwenye simu. Ya nini kubeba mabati? Nusu ya hoja hiyo ni kweli, na historia ya BBC Domesday inaonyesha nusu hiyo na inayopungua. Mwaka 1986, miaka 900 baada ya kitabu cha Domesday cha mfalme William kuorodhesha mashamba ya Uingereza, zaidi ya watu milioni moja, wengi wao watoto wa shule, walichangia picha ya nchi yao ikawekwa kwenye diski za leza zilizosomwa na kompyuta ya ukoo wa BBC Micro. Kabla ya miaka ishirini kupita, vifaa vya kuzisoma vilikuwa karibu vimetoweka, wakati kitabu cha 1086 bado kilikuwa kinasomeka. Mwaka 2002 vyuo vikuu vya Leeds na Michigan vilionyesha emuleta iliyorudisha yaliyomo. Lakini ili emuleta ipate cha kuigiza, ilibidi diski zisomwe kwanza, na za kuzisoma zilikuwa mashine chache ambazo watu walikuwa wamezitunza zikiwa hai. Emuleta inahifadhi programu. Haihifadhi joto, wala uzito, wala waya wa betri.

Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili kuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Watu walikaa wakaamua neno lipi liandikwe juu ya kila menyu, na mengine ya maneno hayo tungali tunabishana nayo. Programu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za wakati ule, zilezile Pentium ninazozizungumzia. Anayetaka kujua jinsi lugha yetu ilivyoingia kwenye skrini anahitaji nakala ya programu na mashine ya kuiendesha, au walau diski iliyonakiliwa vizuri kabla haijapigwa fomati. Katika kazi hii ndogo ya kunakili, emuleta na bati ni washirika.

Hapa lakini pana jambo ambalo wapenzi wa mashine za nyumbani za Uingereza hawalifikirii sana, na Kakuma halikwepeki. Diski iliyostaafu kutoka ofisi ya kuhudumia wakimbizi inaweza kuwa na majina, picha, na maelezo ya kwa nini mtu alikimbia kwao. Kuihifadhi kwa jina la historia ni kumweka mtu huyo hatarini. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data za watu zisishikiliwe kupita haja, na kwa maoni yangu diski za namna hiyo zinapaswa kufutwa au kuvunjwa kabla mashine haijatoka mlangoni, hata kama mhifadhi atalia. Hifadhi bati, hifadhi bodi, hifadhi makovu ya risasi. Siri ya mtu si urithi wa taifa. Mambo ni tofauti kwa yale ambayo watu wenyewe walikusudia yasomwe. Gazeti la wakimbizi la KANERE, lililoanza Kakuma Desemba 2008, liliandikwa ili ulimwengu uone, na mashine ya gazeti kama hilo, ikijulikana ilipo na wenyewe wakaridhia, ingestahili rafu.

Pingamizi ninaloliona gumu kuliko mengine ni la wale wanaosema kwamba kusifu ufundi wa kubadilisha ni kupamba utupaji wa taka. Kompyuta zinakuja kama msaada, zinaishi miaka miwili, kisha taka ni yetu. Uganda ilitangaza 2009 kupiga marufuku uingizaji wa vifaa vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwemo, kwa hofu hiyohiyo. Skrini ya kichogo ina madini ya risasi ndani ya kioo chake, na kutoka Lodwar hadi vituo vya Nairobi vinavyojua kuivunja kwa usalama ni safari ya kilomita takribani 700. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawatwika watengenezaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao zinapokwisha, lakini sheria haiendeshi lori. Tena wimbi jingine linakuja: Microsoft ilikomesha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa zitastaafishwa na maofisi ya nje kwa sababu hiyo tu, kama ilivyokuwa kwa XP mwaka 2014. Nyingine zitaletwa huku. Siwezi kusema fundi wa Kakuma ndiye suluhisho la tatizo ambalo hakulianzisha. Ninachoweza kusema ni kwamba mashine ikishafika, kuiongezea SSD, memori na Linux, ikapata miaka mingine mitano, ni bora kuliko kuacha ife mwaka wa pili kwa sababu haina mtu wa kuigusa. Na kumbukumbu zile za fundi, akiziandika, zingekuwa ushahidi mkali dhidi ya watupaji: mashine gani zilikuja, zikiwa na ubovu gani, na zilikufa kwa nini. Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini hawakusema ukubali mbacha kutoka kwa yeyote bila kuukagua.

Na je, katika kaunti iliyoshuhudia misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya 2020 na 2022, ni haki kuzungumzia rafu ya kompyuta? Ni haki, kwa sababu haigharimu chochote kinachoweza kununua maji. Sizungumzii jengo. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inahesabu vitu vya kale kuwa vile vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, kwa hiyo kompyuta haitalindwa na serikali kwa umri wake katika maisha ya msomaji yeyote wa ukurasa huu. Ikihifadhiwa itahifadhiwa na chuo, shule, au karakana iliyoamua hivyo. Na ya kuhifadhiwa bila kuguswa hata si lazima itolewe darasani. Kila karakana ina mashine iliyoshindikana, ile inayokatwa spea hadi inabaki mifupa. Hiyo ndiyo ya kuwekwa. Matundu yake yanaonyesha ni kipi kilihitajika zaidi: memori iliondoka kwanza, kisha pawasaplai, kisha feni. Zilizo hai ziendelee kubadilishwa na kufundishia.

Kinachokosekana ni kibandiko. Kipande cha karatasi kinachotosha kuandika: Pentium 4 ya mezani, ilitoka shuleni Kakuma, kapasita nne zimebadilishwa, zimetoka kwenye televisheni, diski ya asili imefutwa na kuvunjwa kwa ajili ya siri za watu, SSD imewekwa kwa kibano, hakuna kilichokatwa, umeme wa volti 12, waya mwekundu ni chanya. Jina la fundi liwekwe akitaka mwenyewe, maana kambini wapo wasiotaka majina yao yabaki popote. Na vumbi lile la Tarach, kabla halijapulizwa, kijiko kimoja chake kinaweza kuingia kwenye bahasha na kubandikwa ndani ya mfuniko. Kazi hiyo haimcheleweshi fundi hata dakika.